US 50 Nevada kwa mwendo wa pole: namna ya kuvuka jangwa la nyanda za juu bila haraka

Mtu akisikia jangwa anawaza mchanga, ngamia na joto la Muscat mwezi wa saba. Hili ninaloliongelea ni jangwa la aina nyingine, liko juu, mabonde yake mengi yako mita 1,600 mpaka 2,000 toka usawa wa bahari, yaani ukilala kwenye kamji ka Austin, Nevada uko juu karibu sawa na Njombe na usiku baridi yenyewe itakuambia, ila huku hakuna viazi wala mashamba ya chai wala ukungu, kuna vichaka vya kijivu tu bonde zima mpaka macho yachoke. Mvua haifiki kwa sababu milima ya Sierra Nevada upande wa California inaikamata karibu yote, na yale maji kidogo yanayoshuka milimani hayaendi bahari yoyote, yanaishia humo humo mabondeni yanakauka na kuacha chumvi.

Wengi wetu tulioko Marekani tukivuka Nevada tunapita ile barabara kuu ya I-80, hasa ndugu zetu wa malori, sheli kila baada ya muda, mtandao upo, unafika. Sasa kusini yake kuna barabara ya zamani, US 50, njia mbili tu, inapita katikati kabisa ya jimbo. Mwaka 1986 gazeti la Life liliiita barabara ya upweke kuliko zote Marekani, wakamnukuu mtu wa AAA, kile chama cha wenye magari, akisema huko hakuna cha kuona na dereva asiyejiamini na ujuzi wa kujiokoa porini asipite. Watu wa Nevada badala ya kununa wakaigeuza biashara, wakaweka vibao vyenye hilo jina barabarani na wakatengeneza kijitabu unachogongewa mhuri kila mji unaopita, mpaka leo unakipata bure. Chukua tu, hata kama huna mpango wa mihuri, ni sababu nzuri ya kuingia dukani na kuanza stori na mwenyeji.

Msimamo wangu ni huu: toka mji wa Fallon mpaka mpaka wa jimbo la Utah ni mwendo wa kama saa sita, na mtu akiupiga kwa saa sita atarudi anasema hamna kitu, na kwa upande wake atakuwa sahihi. Vitu vyote vya maana viko nje ya lami kidogo, kilomita tano huku, kumi na tano kule, na vinataka uwe umesimama saa ambayo jua liko chini. Kwa hiyo ipe hii safari siku nne, tano kama una likizo, na uipange kwa mafuta na kwa jua, habari ya kilomita iweke pembeni.

Kuhusu gari

Hauhitaji 4x4. Lami ni nzuri mwanzo mwisho na hizo barabara za changarawe nitakazozitaja gari ndogo inapita kama kumekauka na kama huna haraka. Kitu cha kwanza kuangalia ni spea. Magari mengi mapya siku hizi hayana tairi la spea kabisa, unafungua buti unakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo, hiyo gundi inasaidia msumari ila jiwe likichana tairi pembeni imekula kwako. Kama gari ni la kukodi, fungua buti palepale kwenye maegesho kabla hujasaini, uombe lenye spea kamili, na usome mkataba kwa sababu nyingi zinakataza kutoka nje ya lami, ukipata pancha huko ndani gharama ya kuvutwa ni yako na huko kuvutwa ni hela ndefu kwelikweli. Hakikisha jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, na nati hazijabanwa na mashine kiasi kwamba peke yako huzifungui, jaribu moja nyumbani.

Mafuta: Fallon mpaka Austin ni maili 111, yaani kilomita 178 hivi. Austin mpaka Eureka maili 70. Eureka mpaka Ely maili 77. Kanuni ni fulu tanki kila mji, hata kama umetumia robo, hata kama bei Austin inakuuma (itakuuma). Usije ukafanya hesabu za "hii gari inakula kidogo nitafika", maana sheli ndogo za vijijini pampu inaweza kuharibika au umeme kukatika, na wewe hapo katikati umeshajipa safari za pembeni ambazo hukuzihesabu.

Mtandao haushiki sehemu kubwa ya njia. Ukiwa ndani ya mji simu inaamka, ukitoka tu kwa dakika chache imekufa. Pakua ramani ofulaini ukiwa bado kwenye wifi ya nyumbani, na nunua ramani ya karatasi, nasema kwa dhati, ile ya karatasi inakuonyesha vibarabara vya vumbi na majina ya milima ambayo simu inaficha mpaka uvute karibu. Kama simu yako ni ya hizi mpya zinazotuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, jifunze kuitumia kabla ya safari. Na mwambie mtu nyumbani unalala wapi kila usiku na akipitisha saa ngapi bila kukusikia apige simu kwa sherifu.

Maji, chakula na baridi

Maji ni galoni moja kwa mtu kwa siku, karibu lita nne, hiyo ni ya kunywa na kupika, halafu weka dumu lingine la akiba kwenye gari ambalo haligusiwi. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, unajikuta midomo imepasuka na kichwa kinagonga na hujui kwa nini. Mafuta ya kupaka chukua ya kutosha, Vaseline ile ya kopo kubwa ndo yenyewe.

Deli la barafu lijaze Fallon kwa sababu ndo supermarket kubwa ya mwisho mpaka Ely. Sasa kwa wale tunaopenda kujipikia: ukiwa mita 2,000 juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki mia, kwa hiyo maharage makavu sahau, utamaliza mtungi wa gesi na bado yanagonga meno. Chemsha nyumbani ukagandishe, yanafanya kazi ya barafu kwenye deli siku ya kwanza na siku ya pili unayaunga na kitunguu na nyanya. Wali unakubali ila ongeza maji kidogo na ufunike vizuri uweke na jiwe juu. Ugali hauna shida, ila upepo wa jioni unapuliza moto wa jiko pembeni mpaka sufuria haipati kitu, kwa hiyo pika kabla jua halijashuka au egesha gari likinge upepo. Chai fanya ya kwenye chupa asubuhi unakunywa njia nzima.

Baridi watu wanaidharau. Mwezi wa tisa mchana unaweza kuwa nyuzi 28 umevaa fulana, alfajiri ikawa 3 au 4, na milimani ikaganda kabisa. Begi la kulalia la bei rahisi la dukani lililoandikwa "la kiangazi" halitoshi, beba na blanketi zito lile la nyumbani, kofia ya sufu na soksi mbili. Kama unalala ndani ya gari, acha dirisha wazi kidogo, vioo visilowe.

Msimu mzuri ni mwisho wa mwezi wa tano na wa sita, halafu wa tisa mpaka mwanzoni mwa wa kumi. Wa saba na wa nane unapitika ila mchana jua linachoma, jioni kuna radi, na mioto ya nyika inaleta moshi unaofunika milima yote. Wakati wa baridi barabara inapita kwenye theluji juu ya milima, hiyo mie simshauri mtu anayetafuta starehe.

Namna barabara ilivyo

Milima ya Nevada imejipanga kaskazini kwenda kusini, safu baada ya safu, na barabara inakwenda mashariki, kwa hiyo unakata kila safu. Unapanda, unafika juu kuna kibao cha jina na urefu, unaona bonde lote mbele na barabara imenyooka katikati mpaka inapotea, unashuka, unavuka bonde, unapanda tena. Hivyo hivyo mpaka Utah. Ukishaizoea hiyo namna unaanza kuona tofauti: chini kabisa ya bonde kuna ukoko mweupe wa chumvi usioota kitu, kisha vichaka vya kijivu, kisha ukipanda unaanza kukuta miti mifupi ya misonobari na mireteni, na vileleni kabisa miti mikubwa na wakati mwingine theluji. Simama kwenye mojawapo ya mabonde, zima injini, chuma jani la kile kichaka cha kijivu lisugue kwenye viganja. Harufu yake ni kali, kama dawa na kama karafuu kwa mbali, na mvua ikinyesha bonde lote linanukia hivyo.

Endesha asubuhi. Saa kumi jioni uwe umeshaegesha unapolala, kwa sababu mbili. Moja, mwanga wa kuanzia saa kumi na moja ndo unaofanya milima ionekane ina mikunjo na rangi, mchana inakuwa bapa tu na nyeupe. Pili, ng'ombe. Sehemu kubwa ya hii nchi ni malisho ya wazi, hakuna uzio, kuna kibao cha njano chenye picha ya ng'ombe na kinamaanisha kweli, na kwa sheria ya huko ukimgonga ng'ombe kwenye malisho ya wazi mwenye ng'ombe hakulipi, wewe ndo unaweza kumlipa yeye. Ng'ombe mweusi, lami nyeusi, usiku hauna mbalamwezi, hebu fikiria. Bado hujataja swala wa huko na kulungu na punda. Usiendeshe usiku.

Washa taa hata mchana. Umbali unadanganya sana kwenye hayo mabonde, gari unaliona liko mbali unasema napita hili lori kwanza, kumbe linakuja na mwendo wa kilomita 110 kwa saa na barabara ina bonde dogo ulilokuwa huoni. Spidi inayoruhusiwa ni maili 70 kwa saa, ila ukiingia mjini inashuka ghafla mpaka 25, na huko polisi hana kazi nyingine siku nzima, punguza mapema kabisa. Dereva anayekuja akikuinulia kidole kimoja toka kwenye usukani ni salamu, rudisha.

Siku zenyewe

Fallon. Jaza kila kitu, usilale hapo, labda umefika usiku. Utasikia ndege za kivita maana kuna kambi ya Navy, jeshi la majini, na ile shule yao ya marubani wa kivita ilihamishiwa hapa 1996 toka San Diego, kwa hiyo mlipuko wa sauti angani ukiwa umetulia zako bondeni usitoke mbio. Nje kidogo ya mji kuna Grimes Point, mawe meusi yamechorwa na watu wa kale, na hilo bonde lote zamani lilikuwa ziwa, njia ya kutembea ni fupi, nenda. Mbele yake ukivuka uwanda wa chumvi utaona pembeni ya barabara watu wameandika majina yao kwa kupanga mawe meusi juu ya ule weupe, kilomita na kilomita za majina, mioyo, tarehe. Usikanyage na gari kwenda kuandika la kwako, ule ukoko juu umekauka chini ni tope, magari yanazama mpaka ekseli na wanaovuta wanachaji watakavyo. Tembea kwa miguu.

Kama kilomita 40 toka Fallon kuna Sand Mountain, tuta la mchanga lenye urefu wa kama mita 180, mchanga wa lile ziwa la kale ulioletwa na upepo ukarundikana hapo. Ni katika matuta machache duniani yanayotoa sauti, mchanga mkavu ukiporomoka unanguruma chini chini. Lakini nenda siku ya kazi. Wikiendi kuna pikipiki na vigari vya mchangani, na hutasikia lolote zaidi ya injini. Kuna ada ya kuingia na gari.

Middlegate ni baa moja na mkahawa katikati ya hakuna, dari lote limebandikwa noti za dola moja zilizoandikwa majina ya wapita njia, agiza baga uwashirikishe wenzio maana moja inamshinda mtu mzima. Mbele kidogo kuna mti wa viatu, watu wanafunga viatu jozi kwa kamba wanavirusha matawini. Mti wa mwanzo ulikatwa na wahuni mwishoni mwa 2010, watu wakahamia mti mwingine wa jirani. Hapo karibu barabara inagawanyika, ukienda kulia ni 722, hiyo ndo ilikuwa US 50 ya zamani, lami nyembamba yenye kona inayopanda mlimani na kushuka mpaka karibu na Austin. Kama mafuta yako sawa na mvua hakuna, pita huko, unaweza usikutane na gari hata moja.

Austin ndo mji nilioupenda kuliko yote na wengi wanaupita dakika tano. Fedha iligunduliwa 1862, wakajaa maelfu ya watu, leo wakazi hawafiki mia tatu, makanisa makubwa ya matofali yamebaki mlimani yanaangalia bonde. Kuna kijengo cha mawe cha ghorofa tatu kinaitwa Stokes Castle, tajiri wa migodi alikijenga 1897 akakitumia kidogo sana akaondoka zake. Ila stori ya Austin ni ya Reuel Gridley, mwenye duka. Mwaka 1864 aliweka dau kwenye uchaguzi wa meya, mtu wake akashindwa, akatakiwa abebe kiroba cha unga cha ratili 50, kama kilo 23, akipitishe mjini mabegani huku bendi inapiga. Akabeba. Walipomaliza mtu mmoja akasema basi tukinadi hela ziende kwa askari majeruhi wa ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Aliyeshinda mnada akalipa akakirudisha kinadiwe tena, ndo mambo yale yale ya kuku wa mnada kanisani kwetu anayenunuliwa na kurudishwa mpaka mchungaji achoke kuhesabu. Gridley akazunguka nacho miji mingine na kukusanya zaidi ya dola 250,000, enzi hizo. Duka lake la mawe bado limesimama.

Usiku wa kwanza au wa pili lala Spencer Hot Springs. Toka Austin unapanda mlima, unashuka bonde la Big Smoky, unaingia kusini barabara ya 376 kidogo tu halafu kushoto barabara ya changarawe mpaka uone moshi wa mvuke na mabirika ya chuma ya kunyweshea ng'ombe. Maji yanatoka ardhini ya moto na yanapitishwa kwa bomba mpaka kwenye birika. Weka mkono kwanza, usijitumbukize, chanzo chenyewe kinaunguza, ukiona ni moto mno sogeza bomba lielekee nje usubiri. Ukikuta watu kwenye birika simama mbali salimia uulize, ndo adabu ya pale, na usishangae ukikuta wazee wa kizungu hawana nguo, wako hivyo na hawana neno na mtu. Usitumie sabuni. Punda wa porini wanapita asubuhi karibu kabisa na hema, chakula kifungie garini.

Kama maji moto hayakuvutii, endelea mpaka Hickison, kama kilomita 38 mashariki ya Austin, kambi ndogo ya serikali, bure, ina vyoo vya shimo na meza ila haina maji, na njia fupi inayozunguka kwenye michoro ya mawe. Kwa ujumla ardhi kubwa ya huku ni ya serikali kuu chini ya BLM, idara yao ya ardhi, na unaruhusiwa kulala popote palipokwisha kutumiwa na wengine, kwa kawaida mpaka siku 14, bila kulipa. Masharti ni ya akili tu: usitengeneze barabara mpya, ondoka na taka zako zote, choo chimba mbali na maji, na kiangazi uliza kwanza kama moto umekatazwa. Na usiegeshe gari la moto juu ya majani makavu, ekzosi inatosha kuwasha bonde zima.

Eureka ni mji wa kunywa kahawa na kuweka mafuta, una jumba la maonyesho la 1880 lililokarabatiwa vizuri, chungulia kama liko wazi, twende.

Ely ni mji wa kweli, hoteli, supermarket, fundi wa matairi. Kama mgongo unauma lala hapa kitandani. Hotel Nevada ya 1929 yenye ghorofa sita ilikuwa wakati fulani jengo refu kuliko yote jimboni, sasa ni mashine za kamari chini na vyumba juu. Lakini usiondoke Ely bila kwenda makumbusho ya reli ya Nevada Northern, ile reli ilijengwa kwa ajili ya shaba na karakana yao iko kama walivyoiacha, fundi yuko mle ndani anaunga vyuma, mafuta meusi sakafuni, na vichwa vya mvuke vinawashwa kweli. Angalia ratiba mapema, treni haitembei kila siku.

Kusini ya Ely, sehemu kwenye lami na sehemu kwenye changarawe, kuna tanuri sita za mkaa za Ward. Sie tunaojua tanuri la mkaa la kufukia na udongo kule Kilindi au Handeni, hizi zitakushangaza: ni za mawe, zimejengwa zikiinuka na kufunga juu, urefu mita 9, zimepangwa mstari mmoja chini ya mlima. Zilitumika toka 1876 mpaka 1879 tu, kuchoma mkaa wa kuyeyushia madini ya fedha, na miti ya milima ya karibu iliisha. Ingia ndani ya moja. Kuta bado zina weusi, juu kuna dirisha la kuingizia magogo, na ukiongea kwa sauti ya kawaida sauti yako inazunguka inakurudia toka nyuma ya kichwa. Nenda jioni na ulale jirani kama kambi ina nafasi.

Neno moja kuhusu migodi ya zamani maana utaiona kila mahali: usiingie. Mashimo mengine yamefunikwa na mbao zilizooza, hewa ya ndani mbovu, na hakuna wa kukusikia. Ukiwa na watoto washike mkono.

Siku za mwisho zipe mlima. Toka Ely unapanda Connors Pass, mita 2,350 hivi, unavuka bonde la Spring Valley, na upande wa pili ni hifadhi ya Great Basin, imeanzishwa 1986 mwaka uleule wa ile makala ya "hakuna cha kuona". Kuingia ni bure. Pango la Lehman linataka tiketi na zinaisha haraka, nunua mtandaoni wiki kadhaa kabla. Barabara ya Wheeler Peak inapanda mpaka karibu mita 3,000, na sehemu ya juu inafungwa kwa theluji kipindi cha baridi mpaka karibu mwezi wa sita, trela na magari marefu hayaruhusiwi kupanda. Kilele chenyewe ni mita 3,982, hicho ni cha wenye mapafu, mie nakushauri ile njia ya miti ya kale, saa mbili tatu kwenda na kurudi ukipumzika. Miti hiyo imepinda, mingi sehemu kubwa ni mbao tupu zilizosuguliwa na upepo na utepe mmoja tu wa gome ulio hai, na baadhi ina miaka zaidi ya 3,000. Mwaka 1964 mtafiti mmoja alipewa ruhusa na watu wa misitu kukata mti hapo mlimani, walipohesabu duara zake wakakuta umepita miaka 4,800. Huo mlima panda taratibu, kunywa maji, na ukisikia kichefuchefu shuka, hakuna zawadi.

Usiku hapo zima taa zote. Ni katika sehemu zenye giza kamili zilizobaki Marekani, hifadhi inatambuliwa kimataifa kwa hilo toka 2016. Mwezi wa tisa kuelekea saa tano usiku utakiona Kilimia kimeshapanda mashariki, hicho hicho ambacho bibi zetu walikuwa wanaangalia kujua kulima. Kalenda ya mwezi iangalie kabla hujaomba likizo, maana mbalamwezi ikiwa kubwa nyota nyingi hazionekani.

Kuhusu watu, kwa sababu ndugu wengi wananiuliza "huko vijijini wanatupokeaje sisi weusi?" Nasema nilichokiona: wanakuangalia, maana wanamwangalia kila mgeni, halafu wanauliza umetoka wapi na gari linakwendaje. Salimia wewe kwanza ukiingia baa au duka, nunua kitu hata soda. Ukisimama pembeni ya barabara na boneti juu, karibu kila gari litapunguza mwendo kukuuliza kama uko sawa, na wewe ukimwona aliyesimama fanya hivyo hivyo. Leseni na makaratasi yako yote ya ukazi tembea nayo, hilo ni la Marekani yote.

Ukitoka Baker, kijiji kilicho chini ya hifadhi, fulu tanki pale pale mpakani, kuna sheli na moteli imekaa juu ya mstari wa Utah. Toka hapo mpaka Delta ni kama kilomita 140 bila sheli hata moja, unapita pembeni ya ziwa Sevier ambalo miaka mingi halina maji, ni chumvi tupu. Saa sogeza mbele saa moja ukiingia Utah, kama una miadi Salt Lake hesabu hilo. Delta kuna pa kuoshea gari, pulizia maji chini ya gari kote mpaka kwenye matao ya magurudumu kwa sababu lile vumbi la mabondeni lina chumvi na linakula chuma.